Je, Wajua? Vitufe Vinavyoendesha Madirisha ya Kompyuta

Ipo kazi ambayo mafundi wa kompyuta hulipwa kwa kuifanya ilhali haimalizi hata sekunde moja. Mteja anafika na laptopu mikononi, uso umemshuka: skrini imegeuka miguu juu. Maandishi yamepinduka, saa iliyozoea kukaa pembe ya chini kulia sasa iko juu kushoto, na ukisukuma kipanya kwenda mbele mshale unashuka. Fundi anaivuta mashine upande wake, anaipa mgongo hadhira, na papo hapo imepona. Alichobonyeza ni Ctrl, Alt na mshale wa juu kwa pamoja.

Kwenye kompyuta nyingi za miaka iliyopita zenye chipu ya picha ya Intel, Ctrl na Alt pamoja na mshale wa chini hupindua picha yote. Mshale wa kushoto au wa kulia huilaza ubavu. Haukuwa utani wa mtengenezaji. Zipo skrini zinazosimamishwa wima ili mtu asome ukurasa mrefu bila kuuvutavuta, na mwenye skrini ya namna hiyo anahitaji picha imfuate. Balaa ni kwamba mtoto akipapasa kibodi, au paka akipita juu yake, matokeo ni yaleyale. Programu mpya za Intel zimeiondoa njia hiyo, kwa hiyo kama vitufe havijibu, nenda kwenye mipangilio ya skrini ukarekebishe mwelekeo. Ila jiandae kuuongoza mshale unaokwenda kinyume na mkono wako.

Ndugu zake wapo. Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na PrtSc zikibonyezwa pamoja, Windows inauliza kama unataka rangi kali za kuwasaidia wenye uoni hafifu. Mtu asiyesoma ujumbe anabonyeza Enter, skrini inakuwa nyeusi tii yenye maandishi ya kung'aa, na hapo virusi vinasingiziwa. Ukirudia vitufe hivyohivyo, rangi zinarudi. Kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha huleta kioo cha kukuza kila kitu kupita kiasi. Kitufe cha Windows na Esc hukiondoa. Sina ugomvi na mafundi, lakini hizi tatu si kazi za kulipia.

Madirisha yaliyokatazwa kupandana

Je, wajua kwamba Windows ya kwanza kabisa, iliyotoka tarehe 20 Novemba 1985, haikuruhusu dirisha moja kukaa juu ya jingine? Madirisha yalipangwa ubavu kwa ubavu kama vigae. Ukifungua la tatu, mawili ya mwanzo yanajibana kulipisha. Kupandana kulikuja na Windows 2.0, mwishoni mwa 1987, na miezi michache baadaye, Machi 1988, Apple ikaenda mahakamani. Iliorodhesha vipengele 189 vya sura ya skrini iliyodai vimeigwa kutoka kwake. Mahakama ikaona kwamba 179 kati ya hivyo vilikwisha kuruhusiwa katika mkataba ambao Apple yenyewe iliutia saini na Microsoft mwaka 1985. Kesi iliendelea kwa miaka, na Apple ikashindwa.

Kisa cha Apple na madirisha yanayopandana kina mwanzo wake. Desemba 1979 kundi la wahandisi wa kampuni hiyo lilitembelea maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, iliyokuwa na kompyuta ya Alto tangu 1973. Miongoni mwa wageni alikuwemo Bill Atkinson. Aliporudi kazini aliamini ameona kwa macho yake madirisha yaliyolaliana yakijichora upya yenyewe, lile la nyuma likibadilika hata pale sehemu yake ilipofunikwa na la mbele. Akajitesa mpaka akapata hesabu za kulifanya jambo hilo kwa haraka kwenye mashine ndogo. Baadaye ndipo akaja kujua kwamba Xerox hawakuwa nalo. Alibuni kitu kwa kudhani anakiiga, na hesabu zile zikaingia kwenye kompyuta ya Lisa mwaka 1983 na kwenye Macintosh mwaka 1984.

Dirisha likishafunika jingine, swali la pili linazaliwa lenyewe: lililofunikwa nalifikiaje? Wenye kipanya walikuwa na jibu. Lakini mezani kwa watumiaji wengi wa PC wakati huo kipanya hakikuwepo. Kilikuwa kifaa cha kununua kando, na Windows ya mwanzo ilikichukulia hivyohivyo, ukiwa nacho heri, usipokuwa nacho fanya kazi.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo, na ndipo maelezo mengi ya vitufe hivi yanapopotoka. Tumezoea kuambiwa kwamba ni njia za mkato za watu wenye haraka. Nyingi zilitungwa kwa ajili ya watu wasio na kipanya kabisa. Mwaka 1987 IBM ilichapisha kanuni zake za jinsi programu zote zinavyopaswa kuonekana na kuendeshwa, na moja ya misingi yake ilikuwa kwamba kila linalofanyika kwa kipanya liweze kufanyika kwa kibodi. Microsoft ikazifuata. Alt+F4 ya kufunga programu imetoka humo. Ctrl+F4, inayofunga hati iliyo ndani na kuiacha programu wazi, ni pacha wake. Watu hukosea kati ya hizi mbili, na anayekosea kwa kutumia ile ya kwanza hulipia zaidi.

Menyu iliyojificha nyuma ya Alt na kiambaa cha nafasi

Katika masalia yote ya kanuni zile, linalonifurahisha kuliko mengine ni Alt pamoja na kitufe kirefu cha nafasi. Bonyeza sasa hivi kama uko kwenye Windows: kona ya juu kushoto ya dirisha itashuka menyu ndogo. Watumiaji wengi hawajawahi kuiona, ilhali imekuwepo tangu miaka ya 1980. Ndani yake, kwa Windows ya Kiingereza, herufi N hulikunja dirisha, X hulitanua lijaze skrini, R hulirudisha ukubwa wa kati, S hubadili ukubwa na M hulisogeza.

Hiyo M ndiyo mkombozi. Chukua mhadhiri aliyekuwa akifundisha kwa projekta, akaburuta dirisha la programu yake ya hesabu mpaka kwenye ukuta wa darasa, akamaliza, akachomoa waya. Kesho yake ofisini anafungua programu ileile. Kwenye mwambaa wa chini inaonekana iko wazi, lakini kwenye skrini haipo. Anaifunga, anaifungua, haipo. Programu haikuharibika. Inakumbuka mahali ilipokuwa jana, na mahali penyewe ni upande wa projekta ambayo haijaunganishwa. Kipanya hakina msaada hapa kwa sababu huwezi kushika usichokiona.

Kwa kibodi mambo ni hivi. Nenda kwenye dirisha hilo kwa Alt+Tab, bonyeza Alt na nafasi, kisha M, kisha mshale wowote mara moja. Sasa gusa kipanya kidogo tu, na dirisha litaruka kuja kunasa kwenye ncha ya mshale. Bofya, limekaa. Kama M imefifia haikubali, dirisha lilikuwa limetanuliwa. Anza na R. Njia fupi zaidi, kuanzia Windows 7, ni kitufe cha Windows, Shift na mshale wa kushoto au kulia, inayolihamisha dirisha kutoka skrini moja kwenda nyingine. Ila ile ya zamani ina sifa ya kufanya kazi karibu kila mahali.

Na kwa kuwa tuko kwenye madirisha yasiyoonekana: je, wajua dirisha ulilolikunja huwa wapi? Kila nukta ya skrini ina anwani, kuanzia sifuri kwenye kona ya juu kushoto. Windows ikilikunja dirisha hulipeleka kwenye anwani ya −32000 kwa −32000, yaani mbali kushoto na mbali juu, mahali ambapo hakuna skrini inayofika. Waandishi wa programu hukutana na namba hiyo wakidhani ni hitilafu.

Kwa nini Alt+Tab hukurudisha ulikotoka

Alt+Tab haipangi madirisha kwa mpangilio wa mwambaa wa chini. Huyapanga kwa jinsi ulivyoyatumia, la karibuni likiwa mbele. Ndiyo maana ukibonyeza mara moja na kuachia, unarudi kwenye dirisha ulilotoka, na ukirudia unarejea tena. Karani anayenakili majina kutoka orodha moja kwenda nyingine anaweza kwenda na kurudi siku nzima bila kuangalia skrini imeandika nini. Ukiongeza Shift, unazunguka kinyume. Alt+Esc hufanya kazi ya jirani kwa tabia tofauti: haionyeshi picha ndogondogo, inalisukuma tu dirisha la mbele kwenda nyuma kabisa ya wenzake.

Ndani ya matumbo ya Windows, pale mipangilio inapohifadhiwa, ubadilishaji huu ungali na jina la kujisifu ulilopewa na watunzi wake: CoolSwitch.

Kwenye Mac utaratibu si uleule, na anayehama hupata tabu wiki za mwanzo. Cmd+Tab hubadilisha programu, si madirisha. Ukiwa na barua tatu wazi ndani ya programu moja, zote zinahesabiwa kitu kimoja, na kuzunguka kati yake unahitaji Cmd pamoja na kitufe kilicho juu ya Tab kwenye kibodi za Marekani. Mimi naona ya Windows ni rahisi zaidi kuieleza kwa mgeni, ingawa wenye Mac watanikatalia.

Alama ya kitufe hicho cha Cmd, ile ya mraba wenye vitanzi kwenye pembe zote nne, ni ya barabarani huko Skandinavia, ambako huonyesha mahali penye kitu cha kutazamwa na wageni. Msanii Susan Kare aliikuta kwenye kamusi ya alama. Kabla yake menyu za Macintosh zilijaa picha ya tufaha kila mstari, na Steve Jobs akasema nembo ya kampuni inadhalilishwa kwa kutumika ovyo. Jobs huyohuyo aliitoa Macintosh ya 1984 bila vitufe vya mishale kwenye kibodi, ili watu wasipate pa kukimbilia ila kwenye kipanya. Ilikuwa falsafa kinyume kabisa na ile ya IBM.

Saa ya kupimia dhidi ya hisia

Kipi basi kina kasi, kipanya au kibodi? Mwaka 1989 Bruce Tognazzini, aliyekuwa mtaalamu wa Apple wa mambo ya mtu na mashine, aliandika jambo lililowaudhi wapenzi wa kibodi hadi leo. Kwa mujibu wake, waliojaribiwa walisema kila mara kwamba kibodi ni ya haraka zaidi, na saa ya kupimia ikaonyesha kila mara kwamba kipanya ndicho kilichowahi. Maelezo yake ni kwamba kukumbuka kitufe kipi kibonyezwe ni kazi nzito ya akili, nzito kiasi kwamba mtu hausikii muda ukipita wakati anaifanya.

Ukitaka kuupima ubishi huu, kuna namba za kuushikia. Mwaka 1980 Stuart Card na Thomas Moran wa maabara ileile ya Xerox, pamoja na Allen Newell wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, walichapisha makadirio ya muda wa kila tendo dogo kwenye kompyuta. Kubonyeza kitufe kwa mchapaji wa kawaida: sekunde 0.2 hadi 0.3. Kuutoa mkono kwenye kibodi mpaka kwenye kipanya: 0.4. Kulenga kitu kwa kipanya: 1.1. Kujiandaa kiakili kabla ya tendo: 1.35.

Piga hesabu. Kuendea dirisha jingine kwa kipanya ni 0.4 ya kwenda, 1.1 ya kulenga, 0.2 ya kubofya na 0.4 ya kurudi kwenye kibodi, jumla kama sekunde 2. Alt+Tab ni vitufe viwili, kama nusu sekunde. Lakini kama inabidi usite na kujiuliza ilikuwa Alt au Ctrl, ongeza ile 1.35, na ushindi wote unakaribia kuyeyuka. Kwa hiyo Tognazzini hakukosea, na wapenzi wa kibodi nao hawakukosea. Kitufe unachokikumbuka kwa vidole kinashinda. Unachokikumbuka kwa kichwa hakikupi faida ya maana. Ndiyo maana siwashauri watu kukariri orodha za vitufe hamsini zinazobandikwa kwenye kuta za ofisi. Vitano vinavyotumika kila siku vinatosha.

Vyangu vingekuwa hivi. Alt+Tab, bila shaka. Kitufe cha Windows na D, kinachofunua uso wa kompyuta na, kikibonyezwa tena, kurudisha kila kitu kilipokuwa. Ndugu yake wa M huyakunja madirisha lakini huyaacha yale yasiyokubali kukunjwa, na kuyarudisha ni mpaka uongeze Shift. Kitufe cha Windows na mshale wa kushoto au wa kulia, kilicholetwa na Windows 7 mwezi Oktoba 2009, kinacholipa dirisha nusu ya skrini ili jingine likae nusu ya pili. Hapa vigae vya 1985 vilirudi kwa mlango wa nyuma, safari hii watu wakashangilia. Cha nne ni kitufe cha Windows na P. Ukiwahi kukaa semina nzima mkisubiri projekta ikubali, jua kwamba mara nyingi waya ulikuwa mzima na kilichokosekana ni kuchagua picha ionekane wapi: hapa tu, pande zote mbili, ienee, au kule tu. Kwenye laptopu nyingi kile kitufe cha juu chenye mchoro wa skrini mbili kinachofanya ni kutuma Windows+P kwa niaba yako. Cha tano ni Ctrl+Shift+T kwenye kivinjari, kinachofufua ukurasa uliofungwa kwa bahati mbaya.

Kwenye michezo ya kompyuta ya miaka ya 1980 kulikuwa na kitufe maalumu cha kumficha mchezaji asikamatwe na bosi: ukikibonyeza, mchezo unatoweka na mahali pake panatokea jedwali la uongo la mahesabu. Windows+D imerithi cheo hicho, ingawa haileti jedwali.

Wasioona na sumu ya panya

Yapo makundi mawili ambayo kwao mjadala wa kasi hauna maana. La kwanza ni watu wasioona. Kipanya kinadai macho, kwa hiyo wao huiendesha kompyuta yote kwa kibodi huku programu ya kusoma skrini ikiwatajia kwa sauti jina la dirisha kila Alt+Tab inapobonyezwa. Moja ya programu hizo, NVDA, inapatikana bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, akishirikiana na James Teh, wote wawili wasioona. Programu yoyote inayosahau kuweka vitufe inawafungia watu hawa mlango.

Kundi la pili ni wale wanaokichukia kipanya kwa hiari yao. Wengi wako upande wa Linux, na wanazo programu za kupanga madirisha zinazoendeshwa hasa kwa vitufe, zikiyagawa kama vigae bila kuburuta chochote: xmonad, dwm, i3. Mojawapo inaitwa ratpoison, yaani sumu ya panya, na panya anayekusudiwa ni huyo wa mezani.

Kitufe kilichofufuka

Kitufe chenye nembo ya Windows hakikuzaliwa pamoja na PC. Kilianza kuonekana mwaka 1994 kwenye kibodi ya Microsoft iliyopinda katikati, mwaka mmoja kabla ya Windows 95. Hawakukipokea wote. Laptopu za ThinkPad zilikigomea kwa zaidi ya miaka 10. Wacheza michezo wanakilaani hadi leo, kwa kuwa kikiguswa katikati ya pambano humtoa mtu nje ya mchezo, na kibodi zao nyingi huuzwa zikiwa na njia ya kukizima. Kwenye Linux kinaitwa Super, jina lililotoka kwenye kibodi za MIT zilizokuwa na vitufe saba vya kushikilia: Shift, Control, Meta, Super, Hyper, Top na Front.

Januari 2024 Microsoft ilitangaza kitufe kingine kipya, cha kumwita msaidizi wake wa akili bandia aitwaye Copilot. Waliokichunguza walikuta kwamba ndani yake hakuna ishara mpya. Kikibonyezwa, kompyuta inapokea Windows, Shift na F23 kwa pamoja. F23 ni ya zamani: vituo vya kompyuta kubwa za IBM vilikuwa na kibodi za vitufe 122, na juu yake safu mbili za F, kuanzia F1 hadi F24. PC zilipoenea, safu ya pili ikakatwa, lakini namba zake zikabaki kwenye viwango vya kiufundi bila mwenyewe. Kwa hiyo ukinunua leo laptopu yenye kitufe cha Copilot unapata F1 hadi F12, unapata na F23 iliyovaa nembo ya mwingine, ila F13 hadi F22 huna.